Sanduku Limefika

Shemeji Khalfani, sanduku limefika.
Limelala siku nne bandarini Mkoani
kwa kuwa karani kaandika "jokofu",
nami nikabisha: si jokofu,
ni kichujio cha maji ya samaki.
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa
samaki siku hizi wanavaa viatu.

Ahsante. Naanza na ahsante
nisije nikaimeza huko mbele.

Lile tangi umeliona kwenye simu:
vioo vya hoteli iliyofungwa,
lita mia nane, urefu wa kitanda.
Kaka yako kavileta kwa gari ya ng'ombe
mpaka hapa Limbani, Wete, bila ufa,
akaviunga kwa gundi na bismillahi.
Siku aliyotutoka, samaki walikuwa kumi na watatu
na pipa lilikuwa nusu.

Pipa hukuliona. La buluu, lilikuja na mafuta ya kula.
Kalitoboa kitako tundu arubaini.
Ndani alikusudia sponji ya godoro la wageni,
kokoto, makaa ya vifuu,
vipande vya matumbawe vya ukuta uliomeguka.
Mama yenu alipoliona akasema:
"Kumbe kifumbu! Kifumbu cha tui, umekinenepesha tu."
Kaka yako alicheka siku mbili,
kisha akaanza kuliita hivyo hivyo, Kifumbu.

Basi nikafunga chako.
Cheusi, kizito, vibanio vyake vinalia *tak*,
waranti miaka miwili,
kitabu lugha nane na Kiswahili hakimo.
Nikafuata picha.
Wiki tatu maji yaling'aa hata hayakuonekana;
paka wa jirani kagonga kichwa kioo
akidhani samaki wananing'inia hewani.
Na kimya. Shemeji, kimya hicho!
Nyumba hii ilikuwa nacho cha kutosha.

Umeme ulikatika Ijumaa usiku,
ukarudi Jumapili adhuhuri.
Sikujua kwamba vijidudu vyema, wale wala uchafu,
nao wanataka pumzi,
na kwamba mashine yako, kwa ufundi wake wote,
ni kopo lililofungwa.
Ilipowaka ikatema harufu ya yai viza.
Asubuhi wawili walikuwa juu ya maji,
mmoja yule mwenye doa jicho la kushoto,
aliyekuwa akila mkononi mwa kaka yako.

Mbarouk wa majenereta kanambia, nunua betri.
Betri! Bei yake karafuu za miti mitatu,
na mwaka huu mikarafuu yangu imezaa majani.

Nikalitoa Kifumbu uani.
Kwenye kiungo cha nne, kwa penseli,
mwandiko wake ulioinama kama anayetafuta kitu:
*hapa usikaze sana.*
Mie nikakaza.
Likavuja.
Nikalegeza robo.
Likavuja kidogo.

Usidhani nakusifia cha nyumbani.
Maji yana rangi ya chai ya mkavu,
picha zake hazitumiki.
Pampu inapandisha, pipa linadondosha, usiku kucha,
na Mama hunigutusha nianue nguo, mvua inanyesha.
Umeme ukikatika nateka kwa kopo,
namimina juu, mara mia asubuhi, mara mia jioni,
nahesabu kama avutaye uradi,
mikono inaniuma mpaka kwenye shingo.
Lakini maji yanapita na hewa, naona yanakopita.
Samaki ni kumi na mmoja bado.

Chako sikukiuza.
Kimo mvunguni, ndani ya nailoni yake,
na waranti nimeiweka pamoja na hati ya ndoa,
usiniulize kwa nini.

Ukija Idi, niletee kiwiko cha inchi moja na nusu,
vya hapa dukani vyembamba.
Kwa sasa nimetega bakuli chini ya kiungo cha nne,
lile la maua uliloleta arusini.
Baada ya Isha linakuwa limejaa.
Nalimwagia mchicha.